Barua imemwita mtoto "Stúlka": kuandikisha jina la Kiswahili nchini Iceland

SWALI

Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tanga, naishi Hafnarfjörður. Mke wangu Sigrún ni mwenyeji wa huku. Tumepata binti, ana wiki tano sasa. Juzi imekuja barua ya serikali, mahali pa jina pameandikwa Stúlka. Nani kampa mwanangu jina hilo? Mimi nataka aitwe Zawadi, jina la marehemu mama yangu, na mke wangu ameafiki. Shemeji zangu wanasema halitapita kwa kuwa Kiaislandi hakina W. Lakini jirani yetu Mkenya, na mkewe Mkenya vilevile, walimwandikisha mtoto wao Wanjiku na hawakuulizwa kitu. Halafu hili la jina la nyuma: litakuwa lipi? Pasi yangu imeandikwa Hamisi Juma Mbwana.

Hamisi

JIBU

Marahaba Hamisi, na hongera wewe na Sigrún.

Mtoto hajapewa jina na mtu. Stúlka ni "msichana", basi. Angekuwa wa kiume barua ingesema Drengur, "mvulana". Hospitali ikishatoa taarifa ya kuzaliwa, Þjóðskrá, yaani ofisi ya taifa ya usajili wa watu, humwingiza mtoto kwenye daftari na kumpa kennitala, ile namba ya tarakimu kumi. Sita za mwanzo ni siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na ya mwisho kabisa ni 0 kwa waliozaliwa tangu mwaka 2000, 9 kwa waliozaliwa miaka ya 1900. Namba hiyo ndiyo inayomtambulisha kliniki, benki na kwingineko, kwa hiyo jina linaweza kusubiri. Sheria inataka mtoto awe na jina kabla ya kutimiza miezi sita.

Na wenyeji husubiri kweli. Wengi hulificha jina mpaka siku ya ubatizo au ya karamu ya jina, hata bibi mzaa mama halijui. Ndiyo maana hakuna aliyekuuliza. Kwetu pwani jina hutajwa siku ya saba pamoja na akika, na kama umeshamfanyia na mnamwita Zawadi nyumbani, hamjavunja sheria yoyote. Ila kwa serikali ataendelea kuwa Stúlka mpaka taarifa iwafikie.

Sasa Zawadi. Linapita, na kwa herufi zake hizohizo. Sharti ni moja: mtoto awe na jina jingine pembeni yake ambalo ni la Kiaislandi. Shemeji zako hawajakosea kuhusu W, wamesahau tu kifungu cha 10.

Sheria yenyewe ni ya majina ya watu, namba 45 ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1997. Kifungu cha 10 kinagusa familia kama yako: mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni raia wa nchi ya nje, au aliwahi kuwa, anaweza kupewa jina la kwanza moja na jina la kati moja yasiyofuata kanuni za Kiaislandi, ilimradi ionyeshwe kwamba yanakubalika katika nchi ya mzazi huyo. Lakini lazima abaki na angalau jina la kwanza moja linalofuata kanuni. Angalia maneno "aliwahi kuwa": hata ukija kuchukua uraia wa huku kesho kutwa, haki hiyo haiondoki kwa watoto watakaofuata.

Jirani yako yumo katika kundi jingine. Wazazi wote wawili wakiwa raia wa nje, kanuni hizo haziwabani, ndiyo maana Wanjiku alipita bila swali. Wewe mkeo ni raia wa Iceland, na mtoto ni raia tangu kuzaliwa.

Hata hivyo inafaa uzijue kanuni zenyewe, kwa sababu jina la pili utakalochagua litapimwa kwazo, na jina la nyuma linatengenezwa kwazo.

Kiaislandi hubadilisha mkia wa jina kulingana na kazi yake katika sentensi. Watoto wa shule hufundishwa kwa maneno manne: hér er, um, frá, til, yaani "huyu hapa", "kuhusu", "kutoka kwa", "kwenda kwa". Chukua Anna. Hér er Anna, um Önnu, frá Önnu, til Önnu. Jina moja, sura mbili, na A ya mwanzo imegeuka Ö kwa sababu ya U iliyokuja nyuma. Jón anakwenda hivi: Jón, Jón, Jóni, Jóns. Sisi tukisema "kwa Anna" Anna habadiliki, kwa hiyo jambo hili halituingii haraka. Kwao jina lisilobadilika mkia ni kama nomino isiyo na ngeli: utaitumia, lakini kila sentensi itachechemea.

Kutokana na hayo, sheria inataka jina la kwanza lipokee mkia wa umilikaji, ule wa baada ya til, au liwe limeshazoeleka nchini. Lisigongane na maumbile ya lugha. Liandikwe kwa tahajia ya Kiaislandi, isipokuwa tahajia nyingine iwe nayo imezoeleka. Na lisije kumletea mwenye nalo karaha maishani. Zamani kulikuwa na sharti jingine, jina la kiume kwa mvulana na la kike kwa msichana. Lilitikiswa mwaka 2013, mahakama ya Reykjavík iliporuhusu msichana aitwe Blær, neno ambalo kisarufi ni la kiume na maana yake ni upepo mwanana. Kwa miaka yote kabla ya hapo hati zake zilimwita Stúlka, kama wako. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu hiari ya mtu katika jinsia yake ikaliondoa kabisa. Kwetu sisi hilo ni nafuu kubwa, maana Imani na Zawadi hatuna mazoea ya kuyagawa kwa jinsia.

"Kuzoeleka" nako kuna hesabu yake. Kamati ya majina, Mannanafnanefnd, hulihesabu jina kuwa limezoeleka likiwa na wenye nalo 15 au zaidi. Wakiwa 10 hadi 14, mkubwa wao awe ametimiza angalau miaka 30. Wakiwa 5 hadi 9, miaka 60. Wakiwa wachache zaidi ya hapo hupekuliwa sensa za zamani. Usishangae basi kuona Christian au Zophonías katika daftari la nchi inayosema haina C wala Z. Yamezeeka nayo.

Ukiliweka Zawadi kwenye mizani hiyo linakwama mara tatu. Z iliondolewa katika tahajia ya kawaida miaka ya 1970, W haimo katika alfabeti yao, na mkia wa -i kwao ni mkia wa wanaume, kama Helgi na Bjarni. Ungeweza kulipinda liandikwe "Savadí", lakini mama yako hakuitwa hivyo. Usilipinde. Kifungu cha 10 kinalipokea jinsi linavyoandikwa Tanga.

USHAHIDI NDIO UNAOCHELEWESHA

Kuonyesha kwamba jina linakubalika Tanzania si kazi ngumu, ila ni kazi ya makaratasi, na makaratasi yako mbali. Hati bora ni ile ya serikali yenye mtu anayeitwa Zawadi kama jina lake la kwanza: cheti cha kuzaliwa au cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kitambulisho cha taifa cha NIDA, au pasi. Wazee wetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo usihangaike kutafuta kisichokuwepo. Cheti cha kifo cha marehemu kinatosha kuonyesha jina, au kitambulisho cha binamu yeyote anayeitwa Zawadi, kwa ridhaa yake. Njia nyingine ni barua ya ubalozi. Ubalozi wa Tanzania unaohudumia Iceland uko Stockholm. Barua iseme waziwazi kwamba Zawadi ni jina la kwanza la mtu linalotumika na kuandikishwa Tanzania, kwa herufi hizo. Barua inayosema tu kwamba "zawadi" ni neno la Kiswahili lenye maana fulani haikusaidii kitu, kwa sababu kiti na meza nayo ni maneno ya Kiswahili. Hati iliyo kwa Kiswahili pekee iambatane na tafsiri ya Kiingereza au Kiaislandi. Weka pia nakala ya pasi yako, kuthibitisha uraia.

Kosa linalowaumiza wazazi wa ndoa kama yenu ni kung'ang'ania majina ya kigeni matupu. Mwaka 2014 habari za familia moja, baba Mwingereza na mama mwenyeji, zilizunguka dunia: watoto wawili walikuwa na majina ya Kiingereza ambayo hayakukubaliwa, pasi zao zikaandikwa Stúlka na Drengur, kisha pasi ya msichana ikakataliwa kufanywa upya. Kila gazeti lilicheka herufi na mikia. Wachache walieleza kwamba jina moja la Kiaislandi likikaa pembeni mlango huwa wazi. Mzazi ana haki ya kulipinga sharti hilo kwa msimamo, na kwa kweli lina mengi ya kupingwa. Lakini anayesubiri pasi ni mtoto.

JINA LA PILI

Majina ya kwanza na la kati, yote pamoja, hayazidi matatu, na la kati ni moja tu. Sheria haisemi la kigeni likae nyuma. Zawadi linaweza kutangulia na ndilo likawa la kuitiwa, la Kiaislandi likafuata. Wenyeji wengi wana majina mawili, na la pili mara nyingi ni fupi, la silabi moja: Sól, Rós, Björk, Ósk, Dögg. Yaani jua, waridi, mti wa mbetula, ombi la moyo, umande. Masikio ya huku yameshazoea kusikia jina refu likifungwa na kipande kama hicho, kwa hiyo Zawadi Sól linasikika vizuri hata kwa asiyejua Zawadi ni nini.

Njia nyingine ni majina yaliyo kwetu na kwao. Ya vitabu vitakatifu yako mengi: Sara, Eva, María, Ester, Rakel (Raheli wetu), Daníel, Davíð (Daudi), Jakob, Elías, Adam. Ómar nalo ni jina la kawaida kabisa Iceland, na shangazi wa Tanga atamwita Omari bila kujua kuna mkia uliokatwa. Ila alama ya juu ya herufi si pambo, wala haionyeshi mkazo. Á husomwa "au", Ó husomwa karibu na "ou", kwa hiyo Máni, jina zuri la kiume lenye maana ya mwezi, ni "Mauni". Mkazo nao huanguka silabi ya kwanza daima. Binti yako ataitwa ZAwadi shuleni na zaWAdi nyumbani, na watoto hulizoea hilo kuliko wazazi.

Pima na upande wetu pia. Una ni jina la kike la kale na la heshima huku, lakini msichana akijitambulisha Tanga "mimi ni Una", atajibiwa "una nini?"

Ukipata unalolipenda, litafute katika mannanafnaskrá, daftari la majina lililo wazi kwenye island.is, tovuti ya huduma za serikali. Andika kwa alama zake kamili, maana Sol si Sól. Daftari linaonyesha majina ya kike, ya kiume na ya kati, na huonyesha hata yaliyokataliwa. Jina likiwa ndani ya daftari kama jina la kwanza lililokubaliwa, hakuna mjadala tena. Usilichukue lililoorodheshwa kuwa la kati pekee ukalitumia kama la kwanza. Hayo ni mafungu mawili, na la kati halihesabiki kuwa ndilo jina la Kiaislandi linalodaiwa na kifungu cha 10.

Jina lisipokuwemo, na likawa haliingii kwa kifungu cha 10, hupelekwa kwa kamati. Ina watu watatu wanaoteuliwa na waziri, mmoja kwa pendekezo la baraza la lugha, wengine kutoka upande wa lugha na wa sheria wa chuo kikuu. Kuna ada ya kulipa. Uamuzi hutakiwa kutoka ndani ya wiki nne, na hauna rufaa katika ofisi nyingine ya serikali. Anayepinga huenda mahakamani. Zaidi ya mara moja bunge lao, Alþingi, limeletewa miswada ya kuifuta kamati hiyo, na ingali ipo. Kwenu sioni sababu ya kupita huko. Jina la pili lichukuliwe ndani ya daftari, nguvu zote ziende kwenye ushahidi wa Zawadi.

JINA LA NYUMA

Hapa mtu wa pwani ana cha kujivunia, kwa sababu mfumo anaujua tangu utotoni. Dóttir ni binti, son ni bin. Snorri Sturluson ni Snorri bin Sturla. Mwaislandi kwa kawaida hana jina la ukoo kama Mjerumani. Ana jina lake na la mzazi wake, na hata rais huitwa kwa jina lake la kwanza. Tofauti ni kwamba sisi huongeza na la babu, Hamisi Juma Mbwana, wao huishia kwa mzazi. Na wao wanaruhusu jina la mama kwa usawa kabisa na la baba.

Kanuni: jina la kwanza la mzazi huwekwa katika sura ya umilikaji, kisha huongezwa dóttir au son. Jóns na son huwa Jónsson, ndiyo sababu ya zile S mbili. Sigrún huwa Sigrúnar, hivyo Sigrúnardóttir. Jina lako lina mkia wa -i, na majina ya kiume ya namna hiyo hugeuza -i kuwa -a: Helgi, Helgadóttir. Kwa mtindo huo Hamisi atazaa Hamisadóttir. Angekuwa baba ni Juma, lingefuata njia ya Sturla, Sturlu, litoke Jumudóttir; angekuwa Hassan, litoke Hassansdóttir; na Baraka, kwa mfano wa Barbara anayekuwa Barböru, angegeuka Baröku. Waulize wazee wa Tanga kama wanamtambua Baraka ndani ya hilo!

Sheria inaruhusu pia jina la kigeni la mzazi lilainishwe kwa Kiaislandi ili kutengeneza jina la nyuma, kama Yohana kuwa Jóhann, mtoto awe Jóhannsdóttir, lakini hilo huhitaji idhini ya kamati. Aliyeandikwa jinsia isiyo ya kike wala ya kiume anaweza kutumia -bur badala ya dóttir au son, tangu mwaka 2019.

Machaguo yenu basi. Hamisadóttir. Sigrúnardóttir. Yote mawili, kama Dagur Bergþóruson Eggertsson, aliyewahi kuwa meya wa Reykjavík, ambaye ana mama na baba ndani ya jina. Au Mbwana, ambalo kwa daftari lao linaonekana kuwa jina lako la ukoo. Mtoto wa mwenye jina la ukoo anaweza kulichukua. Hakuna anayeweza kubuni jina jipya la ukoo, hilo lilipigwa marufuku tangu sheria ya mwaka 1925, na raia wa Iceland hawezi kuchukua la mwenzi wake, kwa hiyo Sigrún hatakuwa Mbwana hata akitaka.

Mimi nisingempa Mbwana kama jina la nyuma. Mbwana ni babu yako, si ukoo. Ukimfunga nalo mtoto, litashuka kwa wajukuu kama jina la ukoo ambalo Tanga halikuwahi kuwepo, na wewe Hamisi utakuwa umetoweka katika jina la mwanao. Kama unataka babu abaki, jina la ukoo ambalo mtoto ana haki nalo linaweza kukaa katikati. Hapo hesabu inatimia bila kubaki kitu: Zawadi kwa kifungu cha 10, Sól la Kiaislandi, Mbwana la kati, jumla matatu, kisha Hamisadóttir. Zawadi Sól Mbwana Hamisadóttir. Refu, lakini kila kipande kina mwenyewe.

Jueni tu kwamba mkipata na mvulana ataitwa Hamisason, na familia ya watu wanne itakuwa na majina ya nyuma manne. Huku hakuna anayeshangaa. Uwanja wa ndege wa nje wanashangaa, hasa mzazi mmoja akisafiri peke yake na mtoto. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye majina ya wazazi wote. Þjóðskrá hukitoa na kwa Kiingereza.

KUANDIKISHA

Kuna njia mbili. Ubatizo kanisani, au sherehe ya jina katika jumuiya ya dini au ya falsafa ya maisha iliyosajiliwa, ambapo kiongozi hupeleka taarifa mwenyewe. Naye haruhusiwi kumpa mtoto jina lisilomo katika daftari kabla halijakubaliwa. Au taarifa ya wazazi moja kwa moja kwa Þjóðskrá, ambayo ndiyo yenu: mmoja wenu huingia island.is kwa rafræn skilríki, kitambulisho cha kielektroniki kilicho kwenye simu, hujaza jina, huambatanisha ushahidi, kisha mwenzake mwenye haki ya malezi huthibitisha kwa kitambulisho chake.

Hapo kwenye kuthibitisha ndipo mambo hulala. Mama anajaza usiku akiwa ananyonyesha, baba hana rafræn skilríki au hajaona ujumbe, na kila mmoja anadhani kazi imeisha. Kama bado huna, nenda benki au kwa kampuni yako ya simu na pasi yako wiki hii. Jambo la pili, hakikisha umeandikwa kuwa baba. Kwa wenye ndoa iliyosajiliwa huku ni moja kwa moja. Kama mlifunga ndoa Tanga na cheti hakijafika Þjóðskrá, kipelekeni kwanza, la sivyo Hamisadóttir haina pa kusimama. Wasio na ndoa wala makazi ya pamoja yaliyosajiliwa hupita kwa sýslumaður, mkuu wa serikali wa wilaya, kuthibitisha ubaba.

Miezi sita ikipita bila jina, ofisi huandika barua ya kukumbusha, na sheria inawapa uwezo wa kutoza faini ya kila siku. Barua zao huingia kwenye sanduku la kielektroniki, si mlangoni, na asiyelifungua hashtuki mpaka muda umekwisha. Na msiandikishe haraka ili mje kurekebisha baadaye: kubadilisha jina kwa kawaida huruhusiwa mara moja tu maishani.

Mwisho ni pasi. Katika ile mistari ya chini inayosomwa na mashine, alama huondoka: Sól huwa SOL na Hamisadóttir huwa HAMISADOTTIR, wenye Þ hupata TH, Æ huwa AE, Ð huwa D. Tiketi ya ndege iandikwe kama mistari hiyo. Ukimwandikisha pia kwa ubalozi Stockholm, maana Tanzania humruhusu mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili hadi atimize miaka 18, ingawa mtu mzima hamruhusu, peleka jina lilelile, kwa mpangilio uleule, herufi kwa herufi. Ukiandika kule Zawadi Hamisi Juma na huku Zawadi Sól Hamisadóttir, umemzaa mtoto mmoja ukaandikisha wawili, na siku ya kumwombea kitu chochote utatakiwa kuapa kwamba ni yuleyule.

Wiki tano zimeshakwenda kati ya ishirini na sita. Mpigie simu leo ndugu aliyebaki na makaratasi ya mama, aipige picha safi hati yake pande zote mbili, kisha anza na ubalozi.